Mama alikutwa kwenye zizi la jirani saa nane usiku, sasa wanamwita mchawi

Shikamoo mama,

Nakuandikia nikiwa Magu, mkoani Mwanza. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, nina miaka 43, na tangu ndoa yangu ivunjike ndiye ninayeishi na mama. Mama ana miaka 74. Baba alifariki mwaka 2009.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa gulio. Alikuwa anauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na karanga. Shule aliishia darasa la nne, lakini chenji alikuwa anaipiga kichwani kabla mteja hajamaliza kufungua pochi. Kama miaka mitatu iliyopita akaanza kurudi na hela pungufu. Tukadhani anaibiwa. Siku moja nikakaa naye gulioni nikaona kwa macho yangu: mtu kampa noti ya elfu tano kwa michembe ya elfu moja, mama akaishika, akaigeuza, akaitazama tena, halafu akamrudishia mteja noti ileile na michembe juu yake. Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Chumvi anatia mara mbili kwenye mlenda, au hatii kabisa. Hela anaficha ndani ya gunia la mpunga, akisahau anasema wifi yangu kamwibia, na wifi amenuna, haji tena kwetu. Mwaka jana alipotea akitoka kanisani, njia aliyoipita miaka arobaini. Swali moja analiuliza mara ishirini kwa siku: "Baba yenu hajarudi?" Nikimwambia baba alishafariki, analia kama msiba umetokea leo. Nusu saa haijapita, anauliza tena.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea wiki tatu zilizopita. Niliamshwa na kelele, kutoka nje naona tochi zinamulika kwa jirani. Mama amesimama katikati ya zizi la ng'ombe, kitenge amekifunga juu ya gauni la kulalia, mkononi ana kibuyu cha maziwa cha zamani ambacho sijui alikitoa wapi. Jirani anamuuliza, "Unatafuta nini kwenye zizi langu saa hizi?" Mama anamjibu taratibu, bila hofu yoyote, "Nimekuja kukamua. Ndama analia." Sisi ng'ombe wetu tuliuza wote mwaka 1998.

Bahati mbaya mjukuu wa jirani yule alikuwa anaumwa wiki hiyohiyo. Ilikuwa malaria, na mtoto amepona, lakini maneno hayajaisha. Kisimani wanawake wananyamaza nikifika. Macho ya mama ni mekundu miaka mingi, na wewe unajua huku kwetu macho mekundu yanasemwaje. Juzi kijana mmoja alipita na pikipiki mbele ya nyumba akapaza sauti, "Huyo bibi ajiandae."

Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam. Hela anatuma, kwa hilo simlaumu. Anasema mama amerogwa, na ametuma laki tatu nimpeleke kwa mganga anayemjua yeye, ambaye ameahidi kumtaja aliyemfanyia. Mdogo wangu aliyeko Shinyanga anasema ni uzee tu, tuvumilie.

Mimi nimechoka, mama. Siku hizi usiku namfungia kwa kufuli kwa nje. Anagonga mlango, ananiita. Juzi alikojoa kitandani mara ya pili usiku mmoja, nikamkaripia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa kwa mtu. Akajikunja ukutani akaniambia, "Mama nisamehe, sirudii." Aliniita mimi mama. Nilitoka nje nikalia mpaka alfajiri.

Nimesikia redioni kuna ugonjwa unaitwa Alzheimer. Je, ndio huu? Una dawa? Nifanyeje na maneno ya watu? Na mimi nami nitakuja kuupata?

Mtoto wa tatu, Magu

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nitayajibu maswali yako yote, ila si kwa mpangilio uliouliza. Naanza na yule kijana wa pikipiki. Hospitali inaweza kusubiri mpaka wiki ijayo. Hili la pikipiki halisubiri.

Nimefanya uuguzi Kanda hii ya Ziwa muda mrefu. Usukumani tumewazika kina bibi wengi waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya maneno kama hayo unayoyasikia kisimani. Wengi walikuwa wajane, na macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu moja tu: moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote. Sasa weka na ugonjwa juu yake. Bibi anatembea usiku, anamwita marehemu kana kwamba yuko nje ya mlango, ukimuuliza alikuwa wapi hajui. Hayo ndiyo mambo watu wanayoyahesabu kuwa ya kichawi, na hayohayo ndiyo daktari anayaandika kama dalili.

Kwa hiyo hilo la kumficha mama liishe leo. Najua mnamficha, barua yako yote inaonyesha. Kufuli, wifi aliyeachwa aondoke na hasira bila kuelezwa, wewe kunyamaza kisimani pamoja na wale wanaokunyamazia. Mnaona aibu, na mnadhani siri inamlinda. Ndiyo inayomhatarisha. Watu walioona mwanamke zizini saa nane usiku lazima wawe na maelezo, na kama familia haikuwapa maelezo ya kweli, watayachukua yaliyo karibu. Huku kwetu yaliyo karibu ni uchawi.

Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Usiende peke yako, nenda na mwanamume wa ukoo na mzee wa kanisa lenu. Mwambie wazi: mama yetu anaumwa ugonjwa wa kusahau, tunampeleka hospitali, usiku anatoka bila kujua, akionekana popote tupigiwe simu. Na maneno ya yule kijana yasemwe palepale kwa jina lake, kisha yapelekwe polisi. Kutishia kuua ni kosa la jinai, halihitaji kungoja litimizwe. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye ajue. Wazee wanaotishiwa ni sehemu ya kazi yake. Halafu Jumapili muombe katekista au mchungaji akupe dakika tano, usimame mbele ya watu useme mama anaumwa nini. Kuna Siku ya Alzheimer Duniani kila tarehe 21 Septemba, na redio huzungumza sana siku hiyo, lakini wewe usiingoje Septemba.

Laki tatu za kaka yako zisiende kwa mganga. Nalisema hili bila kumdharau kaka, maana anampenda mama na anatafuta pa kushika. Ila mganga ameshasema atamtaja mtu. Hiyo ni ramli chonganishi, na ndiyo inayotoa majina ya watu wanaokuja kuuawa. Leo atatajwa jirani au wifi, na ninyi mtakuwa mmemfanyia mtu mwingine kilekile mnachoogopa mama afanyiwe. Hela hiyohiyo inatosha nauli na vipimo vya kuanzia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwa barua siwezi kukuambia mama ana Alzheimer, na ukimpata mtu anayekuthibitishia bila kumwona, usimwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba ulivyoeleza, kuanza polepole, chenji kwanza, kisha njia, kisha watu, kunafanana nao sana. Lakini yapo magonjwa mengine yanayomvuruga mzee akili na yanatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, virusi vya Ukimwi, sonona, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa anazotumia. Na huko kukojoa kitandani kusichukuliwe kuwa ni ugonjwa uleule tu. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mzee yanaweza kumchanganya ndani ya siku mbili akawa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana anapimwa. Anza hospitali ya wilaya: mkojo, damu, sukari, presha, halafu omba rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, waliko madaktari wa magonjwa ya akili na mashine ya kupiga picha ya kichwa. Nenda na daftari umeandika kila kitu ulichoniandikia mimi, pamoja na mwezi kilipoanza. Dakika kumi za daktari hazitoshi kuona alichoona mtoto kwa miaka mitatu. Uliza pia dirisha la wazee. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu, na barua ya mtendaji ndiyo inayosaidia hapo.

Wakikuambia "ni uzee tu, mrudishe nyumbani", usikubali. Mama mkwe wangu alikaa miaka minne na jibu hilo, tena tulipewa hospitalini. Uzee unamfanya mtu asahau alipoweka miwani. Haumfanyi asahau miwani ni ya nini.

Ugonjwa huu una jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, hospitalini Frankfurt, alipokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste. Nakusimulia kwa sababu ya wifi yako. Auguste hakuanza kwa kusahau jina. Alianza kwa kumshuku mume wake kwamba ana mwanamke mwingine. Akawa anaficha vitu. Akiambiwa aandike jina lake, anaandika neno la kwanza, lililobaki limepotea. Alipofariki mwaka 1906 daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta uchafu umeganda katikati ya seli, na ndani ya seli nyuzi zimesokotana. Leo tunajua ni protini mbili, amiloidi na tau, zinazojikusanya miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza. Kwa hiyo hiyo kauli ya "kaniibia" ni ya ugonjwa. Mama ameficha hela, ubongo haukuandika kwamba amezificha, hela hazipo, na aliyekuwa karibu ni wifi. Mwendee wifi umweleze hivyohivyo. Unamhitaji.

Na zizi pia linaeleweka. Sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya ndiyo inayoshambuliwa mwanzo, ya zamani yanadumu. Mama yako hana jana, hana mwaka jana, lakini ana mwaka ambao ng'ombe walikuwepo na ndama akilia lazima mtu aamke. Usiku ule alikuwa kazini. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini kidogo.

Dawa ya kuuponya haipo. Zipo dawa, kama donepezili na memantini, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hutuliza dalili kwa muda. Daktari ataona kama zinamfaa na kama mnaweza kuzimudu. Ila tafadhali usimnunulie vidonge vya usingizi dukani ili alale. Vinamwangusha, na mzee akivunjika nyonga mambo yanakuwa mengine.

Hata hivyo, mengi yanayowatesa nyumbani yanaweza kupungua bila dawa. Swali la baba, kwa mfano. Usimwambie tena kwamba amefariki. Najua utaona unadanganya, na umelelewa kutomdanganya mama. Lakini kila ukimwambia, kwake ni mara ya kwanza, na unamfisha mume wake mara ishirini kwa siku. Mjibu, "Hajarudi bado. Alikuwa anapenda nini ukimpikia?" Atakusimulia. Utasikia mambo ya baba yako ambayo hukuwahi kuyajua, na atasahau kwamba alikuwa na wasiwasi. Kubishana naye achana nako kabisa, hata pale unapokuwa na haki.

Kufuli litoke. Moto ukiwaka, au wewe ukianguka na ufunguo mkononi, mama anafia ndani. Badala yake weka komeo la ndani mahali asipozoea kutazama, chini kabisa karibu na sakafu, na funga kengele ya mbuzi mlangoni ili ikuamshe. Kama inawezekana laleni chumba kimoja. Wengi wanaotoka usiku huwa wanatafuta choo: mpeleke kabla ya kulala, mwekee ndoo karibu na taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha. Taa iwashwe kabla giza halijaingia, maana jioni ndiyo saa yao mbaya, vivuli vinawatisha. Mchana mpe kazi mpaka achoke. Huyo ni mwanamke wa michembe! Mpe viazi amenye. Kisu akabidhiwe ukiwa umekaa naye. Mikono husahau kwa kuchelewa. Hata akivikata vibaya, vianike. Na kwenye pindo la kila kitenge chake shona kitambaa chenye namba yako ya simu, ukimshirikisha kijana mmoja au wawili wa bodaboda wanaoaminika. Hao ndio wanaoonana na watu njiani saa ambazo wewe umelala.

Ile asubuhi uliyolia nje, siwezi kukuambia haikuwa kitu. Ulimtisha, na wewe unajua. Lakini nimewaona watoto wengi wazuri wakifika hapo, na wote walikuwa na jambo moja sawa: walikuwa peke yao. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila saa 10 za kuwahudumia wenye demensia duniani, saa 7 zinatolewa na wanawake. Demensia ndilo jina la kundi zima la magonjwa haya, na Alzheimer peke yake ni asilimia 60 hadi 70. Mwaka 2021 wenye demensia walikuwa milioni 57, na zaidi ya nusu wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwenye nyumba kama yenu, na binti mmoja aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Na kaka asije akasema ni ugonjwa wa wazungu. Watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2009 na 2010, wakakuta karibu 6 katika kila 100 wana demensia.

Kwa hiyo itisha kikao cha familia, na kaka aje mwenyewe. Simu haitoshi. Alale nyumbani usiku mbili, kwenye chumba cha mama, wewe ulale kwa jirani au kwa wifi. Asubuhi ya tatu hatasema tena amerogwa, na hatasema anatuma hela. Hapo ndipo mpangiane: nani anakuja mwezi gani, nani analipa msichana wa kukusaidia kufua yale mashuka, nani anampeleka kliniki. Mdogo wako wa Shinyanga naye hayuko mbali. Wewe una haki ya kulala usingizi mzima angalau mara moja kwa wiki. Hilo liandikwe kwenye maamuzi ya kikao kama lilivyo.

Umeuliza kama nawe utaupata. Kuwa na mzazi mwenye ugonjwa huu kunaongeza uwezekano kidogo, si hukumu. Ile aina inayorithiwa moja kwa moja ni nadra sana, na mara nyingi huanza mapema, kabla ya miaka 60. Mama yako alianza akiwa na 71. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilihesabu mambo 14 yanayoweza kudhibitiwa, ambayo kwa pamoja yanahusika na karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Kwako nayaona yale ya karibu: presha, sukari, kukaa peke yako bila watu, na masikio, maana kutosikia vizuri ukiwa mtu mzima nako kumo. Kapime presha siku hiyohiyo utakayompeleka mama. Miaka 43 ndiyo umri wenyewe.

Limebaki la jirani. Usiende kwake na mtendaji, utamfanya adui. Nenda asubuhi, ukiwa na mama ameoga, amevaa kitenge safi, na sahani ya michembe iliyochemshwa na karanga. Muulize hali ya mjukuu. Mwombe radhi kwa usiku ule, kisha umwambie ulichokisoma hapa kuhusu ndama. Kama wamekaa ujirani tangu mnafuga, anawakumbuka ng'ombe wenu, pengine hata majina yao. Muulize mama majina hayo mbele yake. Atayataja yote.